Mwandishi na Mashahidi Wawili

Mshahara wangu wa kwanza wa benki baba aliujengea choo. Nilimtumia laki tatu kwa simu, nimesimama kituoni Kariakoo nikisubiri daladala, kisha nikampigia: "Baba, hizo za sukari na unga." Akashukuru, akaniombea dua ndefu mpaka salio likakata. Idi ilipofika nikaenda nyumbani Wete, Pemba, nikakuta uani pamechimbwa shimo, matofali yamepangwa na fundi ananyoosha uzi. Sukari ilikuwa imenunuliwa kwa pesa ya karafuu. Hakuna aliyenieleza kitu, nami sikuuliza, kwa sababu mtoto yeyote aliyepita chuo chetu cha Qur'ani anajua kuwa pesa yenye shaka haitupwi baharini, lakini pia hailiwi. Hutiwa pahala pasipoingia mdomoni. Njia, mtaro, choo.

Choo hicho kipo hadi leo. Kina mlango wa bati la buluu, na kwa hakika ni kizuri kuliko cha jirani.

Sasa nina miaka 31, na sita ya mwisho nimeikalia meza ya mikopo ya benki moja ya biashara hapa Dar es Salaam. Katika mkoba wangu mna barua mbili za kukubaliwa chuo. Moja ni ya shahada ya uzamili ya fedha, masomo ya jioni, hapa hapa mjini, na mwajiri amesema atalipa nusu ya ada. Ya pili ni ya fedha za Kiislamu, Kuala Lumpur. Ada juu yangu, na kazi niiache. Mjomba wangu wa Maskati ana rai ya tatu: niende Malaysia, nikimaliza nipitilize kwake, kwani Oman, iliyokaa muda mrefu bila benki hata moja ya Kiislamu, ilifungua ya kwanza mwaka 2013, na tangu hapo, anasema, watu wenye vyeti hivyo hawatoshi. Mjomba anauza vipuri vya magari. Namheshimu, ila soko analolijua ni la vipuri.

Wenzangu kazini wananiuliza swali moja tu: italipa? Ni swali la haki, na tumefundishwa namna ya kulijibu. Unaorodhesha unachotoa: ada, nauli, kodi ya chumba, mishahara utakayoikosa. Unaorodhesha unachotarajia: nyongeza ya kila mwaka hadi miaka 60 ya kustaafu, ambayo kwangu ni miaka 29. Kisha kila shilingi ya mbele unaipunguza, kwa sababu somo la kwanza la fedha, lile lililobeba mengine yote, ni kwamba shilingi ya leo ni kubwa kuliko ya kesho. Nilikaa na kompyuta usiku mmoja, nikaweka kipunguzo cha asilimia 15. Shahada ya Dar ikatoa jibu chanya. Ya Kuala Lumpur ikatoa hasi, ikageuka chanya pale tu nilipojipachika Maskati kwa mkono wangu. Nikaridhika, nikafunga kompyuta, nikaenda kutawadha. Maji yalipofika kwenye kiwiko ndipo nikashtuka. Ile asilimia 15 nimeitoa wapi? Ni riba. Nimekaa saa tatu nikipima kama niikimbie riba, na kibaba nilichopimia ni cha riba yenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoisikia mara ya kwanza hadithi ya Jabir, iliyomo katika mkusanyiko wa Imam Muslim, ambamo Mtume anamlaani mla riba, na anayemlisha, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili, akasema hao wote ni sawa. Mtoto mmoja, nadhani hakuwa mimi ingawa ningependa awe mimi, akauliza mwandishi kakosa nini ilhali hakukopa wala hakukopesha. Maalim akachukua chaki, akaandika ubaoni: laki moja. "Nani ananidai?" Kimya. Akaandika jina la yule mtoto mbele ya ile namba. "Haya, sasa nani ananidai?" Chuo kizima kikacheka, na yule mtoto akamdai maalim laki moja wiki nzima, kila akipita.

Basi mimi ndiye mwandishi. Sili riba, riba inaliwa na wenye hisa, ambao sijapata kuwaona. Ninayo dhambi ya mlipaji kidogo, kwa kuwa nilisoma kwa mkopo wa serikali wa elimu ya juu, ule unaokatwa asilimia 15 ya mshahara, na hadi mwaka 2021 juu yake kulikuwa na asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa tozo ya kulinda thamani. Masheikh wawili niliowauliza kuhusu tozo ile walinipa majibu mawili. Mmoja alisema shilingi inayoyeyuka lazima irudishwe na maji yake. Mwingine alisema riba haijawahi kukosa jina zuri. Rais Samia alipoifuta, nilifurahi kama mdaiwa na nikapumua kama Mwislamu, na sijui ni pumzi ipi iliyotangulia.

Lakini uandishi ndio kazi yangu ya kila siku. Mteja anakuja, nafungua jalada. Natembelea duka, nahesabu mifuko ya saruji, napiga picha nyumba ya dhamana mbele na nyuma, nachukua ridhaa ya mwenzi kwa sababu sheria inaitaka, nachukua wadhamini. Wadhamini ni wawili. Kila nikiwapanga kwenye viti vyao, mmoja kulia na mmoja kushoto, naikumbuka ile hadithi na idadi yake. Kisha naandika maelezo ya kurasa nne, na mwishoni pana mstari: Imeandaliwa na. Hapo huingia jina langu.

Miaka mitatu iliyopita niliandika jalada la mama mmoja wa Mbagala mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Milioni 40, miezi 36, dhamana nyumba. Hesabu zake zilikuwa safi kuliko za wateja wengi wenye wahasibu. Mwezi wa kumi na nne mumewe akapooza. Duka likawa linafungwa siku tatu kwa wiki, bidhaa zikageuka dawa, na marejesho yakaanza kukatika. Tuliupanga mkopo upya, kwa maana ya kwamba riba iliyochelewa ilichanganywa na deni na vyote vikaanza kuzaa pamoja. Mkopo ukawa chechefu, jalada likahamia kwa watu wa makusanyo, kisha kwa dalali. Nilimpigia kumwambia nasikitika. Akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wewe hukukosea, mwanangu. Uliandika vizuri."

Sijapata kusikia neno zito kuliko hilo.

Nitajitetea, maana utetezi upo na si wa kipuuzi. Siku namkataa mama kama yule, harudi nyumbani kusubiri neema. Anavuka barabara anaingia kwa kausha damu, ambako riba huhesabiwa kwa wiki, dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, na wanaokuja kudai hubeba kochi na jiko la gesi mbele ya watoto. Benki, kwa kulinganisha, ina adabu. Mwenzangu wa meza ya pili, Mkatoliki wa Bukoba, ndiye huniambia hivyo kila nikinuna, kisha hunikumbusha kwamba na wao wamepita huku huku: Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1179 uliwanyima walaji riba wa wazi maziko ya Kikristo, Papa Benedikto wa 14 akaandika waraka mzima wa kuikataza mwaka 1745, na leo parokia zina akaunti za muda maalumu. "Mlizoea," namwambia. "Na nyinyi mtazoea," ananijibu. Ni yeye aliyenipa pia ule msamiati wa Aristotle: kwa Kigiriki cha kale riba iliitwa kwa neno lile lile la uzao, na mzee yule akaona ni jambo la kinyume na maumbile, chuma kuzaa chuma. Sisi tunasema pesa izae bila kuona haya. Mbuzi akizaa kuna uchungu, kuna damu, na kuna uwezekano wa mtoto kufa. Pesa yetu huzaa usiku wa manane kwenye kompyuta, na mtoto hafi kamwe.

Mwaka jana ami yangu mkubwa alifariki, na katika kugawa vitu vyake likatoka kopo la biskuti lililojaa karatasi. Kwetu kopo lile lilikuwa na hadithi yake. Tulilelewa tukiambiwa kwamba babu wa babu alikuwa na shamba la mikarafuu upande wa Piki, na kwamba shamba lilikwenda na deni, na ushahidi umo kopoini. Msiba ulipokwisha baba akamwita mzee mmoja anayezisoma hati za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tukakaa barazani, tukaletewa kahawa, akaanza.

Ili kuelewa alichosoma inafaa kujua namna wakulima wa Unguja na Pemba walivyokopa enzi hizo. Kadhi hakubali riba, na mkopeshaji hakubali kutoa rupia mia nne arudishiwe mia nne. Suluhu ikawa bei ya khiyari. Mwenye shamba "anauza" shamba lake kwa rupia mia nne, akiwa na hiari ya kulinunua tena kwa bei hiyo hiyo ndani ya muda maalumu. Wakati huo haondoki. Anabaki shambani kama mpangaji, analipa kodi kila mwaka. Kwenye karatasi pana mauzo na pana upangaji, vyote halali. Riba haimo. Imekaa ndani ya kodi kama funza ndani ya embe: nje hakuna tundu. Muda ukipita na mia nne haikupatikana, mauzo yale ya maneno yanakuwa mauzo ya kweli. Bei ya karafuu ilipoanguka baada ya 1929, mashamba mengi yalifika hapo, hata serikali ya kikoloni ikafanya uchunguzi wa madeni ya wakulima mwaka 1933, na mwaka uliofuata ikatunga sheria za kuzuia ardhi isihame mikononi mwa Waarabu na Waafrika bila ruhusa, na za kusimamisha madeni kwa muda.

Yule mzee alisoma karatasi ya kwanza: bei ya khiyari, mwaka 1345 wa Hijria, mikarafuu mia na ushei. Ya pili vile vile. Ya tatu. Ilipofika ya nne baba akamsimamisha. "Majina haya si yetu." Kweli hayakuwa yetu. Karatasi zilikuwa kumi, za mashamba kumi ya watu kumi, na shamba letu lilikuwa moja tu kati yake, la mwisho kwa tarehe. Lakini mwandiko wa zote ulikuwa mmoja, na chini ya kila moja, baada ya mashahidi wawili, palikuwa na jina lile lile la aliyeandika kwa mkono wake. Babu wa babu.

Hakuna aliyesema neno. Baba akainuka kwenda kuangalia kahawa iliyokwishaletwa. Babu wa babu alikuwa mwandishi, analipwa kwa kila karatasi, na mwisho wa yote aliandika na la kwake mwenyewe, kwa mwandiko safi usiotetemeka hata herufi moja.

Nimeitazama picha ya karatasi ile kwenye simu yangu mara nyingi kuliko nilivyozitazama barua za vyuo. Kuna kitu yule mzee alikitaja kwa kupita tu, nami kikanikaa. Hati zote zinaanza kwa namna moja: amekiri fulani bin fulani. Yaani si mkopeshaji anayezungumza. Anayezungumza ni mdaiwa. Yeye ndiye anayekiri kwamba ameuza, amepokea, amepanga, atalipa. Nikauliza kwa nini. Mzee akanitazama kama mtu anayeshangaa nilisoma chuo gani. "Si ndivyo ilivyoamriwa?"

Ndivyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii pepo wala moto. Inazungumzia deni, na imekaa katika Suratul Baqara hatua chache tu baada ya aya za kuharamisha riba. Inataka deni la muda liandikwe. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na inamkataza kukataa kuandika, maana ujuzi huo amefundishwa na Mungu. Inakataza yeye na shahidi wasidhuriwe. Na inasema nani amsomeshee mwandishi maneno ya kuandika: yule ambaye deni liko juu yake. Akiwa mnyonge au hawezi, msimamizi wake atamsemea kwa haki. Nimeihifadhi aya hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuona kilichomo. Kalamu iliyolaaniwa katika hadithi ndiyo iliyoamriwa katika aya. Tofauti ni kinywa ambacho maneno yanatokea.

Katika miaka sita sijaona mdaiwa akisema neno moja likaingia kwenye mkataba. Mkataba unatoka makao makuu, kurasa kumi na tisa, Kiingereza, herufi za ukubwa wa kunguni. Nafasi iliyoachwa kwa mdaiwa ni ya sahihi na dole gumba. Babu wa babu angalau alilazimika kuigiza. Aliandika "amekiri" hata kama aliyekiri hakujua kusoma alichokiri. Sisi tumeacha hata kuigiza.

Kwa hiyo swali la barua mbili likabadilika. Nilikuwa nimeliweka hivi: shahada moja ni ya haramu yenye mshahara, nyingine ni ya halali yenye njaa. Ukilitazama hivyo jibu ni rahisi, na ulichobakiza ni ujasiri tu. Lakini nimeingia humo ndani kiasi, nimesoma, nimezungumza na walio ndani, na halali yenyewe ina vyumba vingi.

Chukua bajaji. Kijana anataka bajaji ya milioni 8. Benki ya kawaida inampa mkopo. Benki ya Kiislamu inanunua bajaji, kisha inamuuzia kwa bei ya juu, alipe kidogo kidogo kwa miezi 24. Hiyo ndiyo murabaha, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya biashara ya benki hizi duniani kote. Nilizikokotoa zote mbili kwa bei za mwezi mmoja, tofauti ya jumla ikawa elfu kumi na mbili. Mtu atasema basi ni kitu kimoja. Walaji riba wa zamani walisema hivyo hivyo, kwamba biashara ni mfano wa riba, na hawakuwa wajinga wa hesabu. Qur'ani yenyewe imeitaja hoja yao na haikuijibu kwa hesabu. Imesema tu kuwa hili limehalalishwa na lile limeharamishwa. Nilipokuwa kijana kimya hicho kilinisumbua. Siku hizi nadhani jibu limo katika saa chache ambazo bajaji ni mali ya benki. Bajaji ikiungua njiani kutoka kwa muuzaji, imeungulia benki. Na mteja akichelewa kulipa, bei haipandi. Faini ikitozwa, kwa viwango vya wanaosimamia mambo haya huko Bahrain, inakwenda kwenye sadaka, haiwi faida ya benki. Mama wa Mbagala asingeona deni lake likizaa. Hilo si dogo. Ningekuwa nalo siku ile ningelala.

Hapo napaheshimu. Lakini rafiki yangu aliyesoma Malaysia akabaki huko kufanya kazi alinieleza anachokifanya mchana kutwa. Mteja anataka pesa taslimu, hataki bajaji. Basi benki inamuuzia mawese kwa mkopo, kisha mawese yanauzwa papo hapo kwa mtu mwingine kwa pesa taslimu, na pesa anapewa mteja. Kwingine hutumia madini yaliyo ghalani chini ya soko la metali la London. Tangu 2009 Kuala Lumpur ina soko maalumu la kazi hiyo. Rafiki yangu anabonyeza, mawese yananunuliwa, yanauzwa, yanauzwa tena, chai haijapoa. Hajapata kuyaona. Mwaka huo huo wa 2009 Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi, ilipokutana Sharjah, ilisema mpangilio wa namna hii haufai. Miaka miwili kabla, Sheikh Taqi Usmani, bingwa mkubwa wa fani hii, alizikosoa sukuk, yaani hatifungani za Kiislamu, nyingi zilizokuwa sokoni kwa kumhakikishia mwekezaji mtaji wake kama vile ni hatifungani ya kawaida. Soko likatikisika kidogo, likaendelea. Nikamuuliza rafiki yangu, mteja anaelewa kwamba amenunua mawese? Akacheka. "Anasaini."

Nikamwona babu wa babu amekaa pale ghorofa ya ishirini, tai shingoni.

Sisemi elimu ile ni bure. Kama ningekuwa na miaka 23 na hakuna anayenitegemea ningeshapanda ndege. Na nafasi zimeanza kufunguka: Kenya ilipata benki zake mbili za kwanza mwaka 2008, Benki ya Amana ikafungua milango Dar mwaka 2011, benki za kawaida nazo zimefungua madirisha ya Kiislamu moja baada ya jingine. Lakini viti bado ni vya kuhesabu, na waliovikalia hawana haraka ya kuinuka. Shahada ya fedha ya kawaida inafungua milango mingi zaidi: hazina, mifuko ya pensheni, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, soko la hisa, ualimu. Ukweli huo hauna dini.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kitu ambacho vitabu vya fedha za Kiislamu hukisifia kuliko vyote, kugawana faida na hasara, ndicho benki hizo hukifanya kwa uchache, na ndicho ami yangu mdogo hukifanya kila alfajiri bila kitabu. Ana dau. Samaki wakiletwa pwani hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Bahari ikinyima, chombo hakipati kitu, na ami anarudi nyumbani kula muhogo mkavu kama baharia wake. Nilimuuliza siku moja kwa nini asikodishe dau kwa bei maalumu, apate chake kila siku, samaki wawepo wasiwepo. Nilikuwa nimetoka kusoma mtihani wa vihatarishi, na pendekezo langu lilikuwa zuri. Alifikiri kidogo. "Sasa nitakuwa naomba dua gani?" akaniuliza. "Wao wataomba samaki. Mimi niombe nini?"

Nimewahi kulieleza jibu hilo kwa mkuu wangu wa kazi kama hoja ya kiuchumi, kwamba mkopeshaji asiyegawana hasara hana sababu ya kuyajali mafanikio ya mkopaji zaidi ya dhamana. Alikubali kuwa ni hoja nzuri. Kisha akaniuliza nimefikisha asilimia ngapi ya lengo la mwezi.

Tangu lile kopo la biskuti, nimeanza kitu kimoja kidogo mezani kwangu. Kabla mteja hajasaini, naufunga mkataba, namwambia: "Hebu nieleze wewe, kwa maneno yako, unachokubali hapa." Wengine huanza kwa kucheka. Mara nyingi wanakwama kwenye ukurasa wa adhabu ya kuchelewa. Hapo tunarudi, nasoma kwa Kiswahili, wanasema tena. Kwa wastani inachukua dakika 40. Wateja wawili wameondoka bila kusaini, na mmoja wao lilikuwa jalada kubwa. Nimeitwa ofisini kwa sababu yake. Sikusema kuhusu aya. Nilisema kuhusu mikopo chechefu, lugha wanayoielewa.

Mwezi uliopita nilimfuata mama wa Mbagala. Nyumba imekwenda, amepanga vyumba viwili Mbande, anauza mkaa. Mumewe anakaa kitini mlangoni, upande mmoja hai. Nilimuuliza kitu ambacho labda hakikuwa na adabu: siku ile, kama ningempa kalamu yeye, angeandika nini? Hakushangaa hata kidogo, kana kwamba alikuwa ameshalifikiria. "Ningeandika kwamba mkisikia mume kapooza, mnisubiri. Sikusema mnisamehe. Mnisubiri tu." Hajapata kuisoma Suratul Baqara, ni Mlutheri wa Same. Lakini aya ya mdaiwa mwenye dhiki kusubiriwa mpaka apate wasaa imo mle mle, aya mbili kabla ya ile ndefu.

Nimeamua kusoma hapa hapa Dar, jioni. Sababu ninazozitoa kwa watu ni ada na wazee. Sababu yangu ni kwamba katika benki yetu ni wenye shahada hiyo wanaopandishwa kukaa kwenye kamati inayotunga masharti ya mkopo, na kurasa kumi na tisa zile hutoka kwao. Huko jina langu litahama kutoka "Imeandaliwa na" kwenda mstari wa chini yake. Tasnifu nimeshaichagua: mikataba ya mikopo midogo, na nini kingebadilika katika marejesho kama kifungu cha kusubiri kingeandikwa tangu mwanzo. Mwalimu atakayenisimamia ameniambia niondoe neno "kusubiri", niweke la kitaalamu. Bado tunavutana.

Najua pia kwamba huenda haya yote ni hila: nabaki pale pale kwenye mshahara ule ule, nimejivisha joho la aya. Ukoo wetu una ujuzi wa kazi hiyo, na karatasi kumi zipo kuthibitisha.

Ijumaa nilimpigia baba nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mshahara utaongezeka. Nikasema ndiyo, baba, inshallah, baada ya miaka miwili. Akanyamaza muda, nikasikia jogoo wa jirani na mtu akikuna nazi.

"Na choo tunacho," akasema. "Ngoja. Msikiti wa bondeni, upande wa wanawake, hawana."